Kichwa cha Mwana wa Katoo

Sehemu ya nane

Mliponiona mara ya mwisho nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba cha kupanga, Kitengela, mjukuu wangu Ugbad mgongoni, nikimtazama mpwa wangu Muhumed akipanda lori la mbuzi kurudi Garissa. Alikuwa anaenda kumtafuta binti yangu Hodo, mama yake huyu mtoto. Vita vilitutenganisha kule Kismayu, yeye akakimbilia baharini, mimi nikakimbilia mpakani. Hayo nimeshayaandika na siyarudii, yananichoma.

"Eddo," yaani shangazi, Muhumed aliniambia kutoka juu ya lori, "usitoke hapa. Nimeacha neno kwa madereva wote wa mifugo. Nimewaambia, mamake Hodo yuko Kajiado, kwa Wamaasai. Akisikia atakuja. Ukihama, mtapishana."

"Lakini hapa si Kitengela?"

"Kitengela nani anaijua? Kajiado ndiyo inajulikana."

Lori likaondoka. Nikakaa.

Lakini kukaa gani! Mwaka huo wa 1993, mwezi wa saba, mimi sikukaa kitako hata siku moja. Nikichuja chai, jicho liko barabarani. Nikifua, jicho liko barabarani. Lori likipunguza mwendo tu, nishafika mlangoni na mikono ina sabuni.

Na ile nchi nayo haikunipa nafasi ya kutulia.

Kwanza baridi. Mimi nilidhani Kenya ni jirani, jua ni lile lile. Thubutu! Nililala na nguo zangu zote, na asubuhi pumzi inatoka mdomoni kama moshi.

Asubuhi ya pili nafungua mlango, nakuta nyumbu kama kumi wamesimama kando ya kamba ya nguo. Nikapiga ukelele. Mwenye nyumba wangu, Wamaitha, mama wa Kikuyu mnene mwenye kicheko, akatoka na kikombe cha chai. Akawatazama. Akanywa.

"Hao? Hao hupita tu, Mama Hodo. Mbaya ni punda milia, hao hukata kamba."

Huyo Wamaitha ndiye aliyeniletea chakula cha kwanza. Mahindi na maharagwe, mazima mazima, yamechemshwa pamoja. Nikayatazama.

"Haya ni ya nani?" nikamuuliza. "Uko na mbuzi?"

Alicheka mpaka akakaa chini. "Ni githeri! Kula, mama!"

Nikala. Nikatafuna mpaka taya likauma.

Jumapili majirani wakaamka na ngoma, wakaimba tangu asubuhi mpaka saa saba. Wamaitha alipotoka kanisani akaniuliza, "Mama Hodo, wewe umeokoka?" Nikamwambia ndiyo, mara mbili, Kismayu na mpakani. Akacheka tena. Yule mama alikuwa anaona mimi ni sinema.

Lugha haikunisumbua sana. Kiswahili nilikuwa nacho, nilikipata kwa majirani zetu Wabajuni, na madarasa matatu niliyosoma yalinipa herufi. Kilichonisumbua ni mikono.

Huko kila mtu anatoa mkono! Mwanamume hujamjua, hakujui, anakuja amenyoosha mkono kama anakudai kitu. Siku ya kwanza mumewe Wamaitha, Mzee Joram, alininyooshea wake. Wangu nikauingiza ndani ya mtandio. Kwetu mwanamke hampi mkono mwanamume asiye wake wala wa damu yake. Si dharau. Ni heshima. Ndivyo nilivyolelewa, na nilikuwa na miaka hamsini na kitu bila kumpa mkono mgeni hata mmoja.

Joram akabaki na mkono wake hewani. Akaurudisha mfukoni polepole.

"Ni dini yao," Wamaitha akamwambia. "Wacha kuaibika, wewe."

Basi wakazoea. Wanaume wa Kitengela wakawa wakifika kwangu wanaweka mkono kifuani.

Watoto ndio walionishinda.

Nilikuwa nauza chai ya maziwa mlangoni. Maziwa yalikuwa yanaletwa na akina mama wa Kimaasai kutoka maboma ya nyuma, na watoto wao. Sasa, kila mtoto akifika kwangu, kabla hajasema neno, anainamisha kichwa. Anasimama hivyo, utosi umeniangalia.

Wa kwanza nikadhani ana kidonda, anataka kunionyesha. Nikachungulia. Hakuna kidonda. Wa pili nikadhani chawa. Nikarudi nyuma, nikamvuta na Ugbad.

Wale watoto wakangoja, wakangoja, wakaondoka vichwa vimeinama vile vile.

Siku ya nne hakuna aliyeleta maziwa. Akina mama walikuwa wanapita mbele ya mlango wangu na vibuyu vyao, macho mbele. Sufuria yangu kavu.

"Unajua wanasema nini?" Wamaitha akaniuliza. "Wanasema Msomali anaringa. Ati hataki salamu ya watoto wao."

"Salamu gani? Hawajanisalimu!"

"Ah! Si wanakuinamia? Wanangoja uwaguse kichwa, mama! Mtoto wa Kimaasai hatoi mkono kwa mtu mzima. Anatoa kichwa."

Nilijisikia vibaya. Watoto wote wale, nimewaacha wamesimama na vichwa vyao.

Nikasema sasa hakuna kichwa kitakachonipita. Siku iliyofuata nilikwenda mwenyewe mpaka kisimani. Kila mtoto niliyemkuta nikamshika kichwa. Nikawashika wa Kimaasai, nikawashika wa Kikamba. Nikamshika Ciku, binti wa Wamaitha, ametoka kusukwa nywele saa ile ile, akalia.

"Mama! Koko ameniharibia nywele!"

Maziwa yakarudi. Jina likabadilika, nikawa Koko, yaani nyanya. Nikajiona nimeshaijua nchi.

Hapo ndipo nilipokosea.

* * *

Kulikuwa na mzee anaitwa Katoo, mwenye boma kubwa nyuma ya Kitengela, upande wa tambarare. Mtu wa maneno machache, masikio yametobolewa yananing'inia. Siku moja mkewe alinijia mbio. Kondoo wao amekwama na mwana tumboni, siku ya pili sasa.

Mimi nimezaliwa nyuma ya kondoo. Nikavua bangili, nikapaka mafuta, nikaingiza mkono. Mwana alikuwa amekunja mguu. Nikaugeuza. Akatoka hai, mama yake naye akasimama.

Katoo hakuniambia asante. Aliweka mkono kifuani, kama wale wengine, akasema, "Mama, ukiwa na shida, shida yako ni ya boma hii."

Shida haikuchelewa. Chifu aliita baraza.

"Wageni wote kutoka nje ya nchi, wasio na karatasi," akasoma, "watachukuliwa Alhamisi hii. Lori litatoka Kajiado kwenda kambini, kaskazini. Isipokuwa yule atakayesimamiwa na mwenyeji mwenye kipande cha utambulisho, aende naye ofisini Kajiado, aandikwe."

Nikipelekwa kambini, Hodo atamkuta nani Kitengela? Atabisha mlango, ataambiwa mama alikuwa hapa. Tutapishana, kama Muhumed alivyosema, na kupishana kwa dunia ile kulikuwa ni kupotezana kabisa.

Wamaitha akasema, "Joram angekusimamia, lakini kipande chake kimepotea, amefuata kingine mpaka amechoka."

Nikaenda kwa Katoo. Sikumaliza hata kusema.

"Alhamisi," akasema, "tutaenda pamoja. Lakini kesho, Jumatano, njoo mnadani. Mimi nauza kondoo. Nataka jicho lako."

Nikarudi nyumbani nimepata mbawa. Nikamwambia Ugbad, "Mama yako atatukuta." Mtoto wa miaka minne, anajua nini? Akaitikia tu kwa jina letu la nyanya, "Leo, Ayeyo?"

* * *

Mnada wa mifugo ni kelele na vumbi, na huko nilikuwa kwetu. Nikashika mikia, nikafungua midomo, nikapima mafuta. Katoo nyuma yangu, anafurahi bila kucheka.

"Yule pale ameshikwa na mwanangu," akasema. "Mwangalie."

Nikageuka. Nikaona kijana mwembamba, miaka kumi na mitano hivi, shuka nyekundu. Anazozana na kondoo dume mwenye nguvu. Kondoo akamvuta, kijana akavutika, akaja mpaka mbele yangu ameinama, kichwa kimenyolewa, kinang'aa mafuta.

Kichwa kimeinama mbele yangu. Mimi nikafanya nini? Nilifanya nilivyozoea kwa wiki tatu.

Nikakishika. Kiganja chote.

"Supa, mtoto mzuri," nikamsalimu kwa Kimaasai.

Mnada ukanyamaza. Hata kondoo, wallahi, nilidhani wamenyamaza.

Halafu kukatoka kicheko upande wa kushoto. Vijana sita au saba, shuka nyekundu, wamenyolewa vile vile, fimbo mabegani.

"Layioni!" mmoja akapiga ukelele. "Saruni, kumbe wewe bado layioni!"

"Koko amekujua! Rudi ukachunge ndama!"

"Mpe kichwa tena, akuongeze baraka!"

Yule kijana akanyanyuka. Macho mekundu. Rungu likapanda juu, nikamfunika uso Ugbad aliyekuwa mgongoni kwa mtandio. Lakini hakupiga. Alilitupa rungu chini mbele ya miguu ya baba yake, akamwacha kondoo, akaondoka.

Nikamgeukia Katoo. "Nimefanya nini?"

Katoo aliinama. Aliokota rungu la mwanawe, akalifuta vumbi kwa shuka yake, akaondoka nalo. Mguu kwa mguu, bila kuangalia nyuma.

* * *

Wamaitha ndiye aliyeniambia, na siku hiyo hakucheka.

"Mama Hodo, umemuua yule kijana."

"Nimemgusa tu!"

"Ndiyo maana. Anayeguswa kichwa ni mtoto ambaye hajatahiriwa. Yule Saruni ametahiriwa mwezi wa nne. Amekaa kwa nguo nyeusi miezi mitatu, ndege wamepangwa kichwani, na juzi tu ndio wamemnyoa. Juzi! Sasa ni moran, shujaa, anasalimiwa kwa mkono. Na wewe, mbele ya mnada mzima, umemwambia bado ni layioni. Mvulana wa kuchunga ndama."

Nikakaa kwenye kindoo. Nikasimama. Nikakaa tena.

"Na Katoo?"

"Katoo ni baba. Atakusimamia aje, na umemwaibisha mwanawe mbele ya watu?"

Saa nane hiyo. Alhamisi ilikuwa kesho.

"Twende," nikasema.

"Wapi?"

"Kwa yule mwenye kichwa."

Tukaikata tambarare kwa miguu, mimi mbele, Ugbad mgongoni, Wamaitha nyuma analalamika viatu vyake vya kanisani. Upepo unatupiga. Nyumbu wakatusimamia, wakatuangalia kama sisi ndio wanyama.

Tukafika kwenye ua wa miiba wa Katoo. Mwenyewe amekaa kwenye kigoda kidogo. Saruni yuko kando, amefunga nguo zake kwenye kitambaa. Wale wenzake wamesimama karibu na lango la ng'ombe, wote.

"Anaenda kwa mjomba wake kule Oltepesi," Katoo akasema, macho chini. "Amekataa kula. Amesema hapa hawezi kukaa na jina hilo."

"Mzee," nikasema, "mimi ni mgeni. Sikujua."

"Najua hukujua."

"Basi nisamehe."

"Si mimi niliyeshikwa kichwa." Akaonyesha kwa kidevu. "Neno liko kwa mwenyewe. Yeye akinyamaza, mimi kesho sina miguu ya kwenda Kajiado."

Nikamgeukia yule kijana. Niliona sasa vizuri. Alikuwa anajikaza asilie. Uso wa mtoto, jamani. Lakini hilo nilimeza.

"Mwanangu," nikaanza.

"Mwanangu?" wale wenzake wakaangua kicheko. "Amekuita tena!"

Saruni akawageukia, wakanyamaza. Akanijia mpaka hatua mbili.

"Koko, uko na macho?"

"Niko nayo."

"Unaona mimi ni nini?"

"Mtu mzima."

"Hiyo ni maneno. Mdomo ni rahisi." Akanyoosha mkono. Mkono mwembamba, kiganja kimejaa alama za kamba. "Mtu mzima husalimiwa hivi. Nisalimie. Hawa waone."

Nikauangalia ule mkono. Nikaona lori la kambi. Nikaona Hodo amesimama kwenye mlango wa Wamaitha, anaambiwa mama ameondoka. Ni mkono tu, Kafiya, nikajiambia. Mungu anaona. Mpe mkono umwone mwanao.

Mkono wangu ukatoka ndani ya mtandio. Ukafika nusu.

Halafu ukarudi.

Sikuurudisha mimi. Ulirudi wenyewe, miaka hamsini ikauvuta, ukajificha kwenye mtandio kama panya kwenye shimo.

"Mama Hodo!" Wamaitha akanong'ona kwa nguvu, na minong'ono yake husikika mpaka Athi River. "Mpe mkono! Mpe, wewe!"

Machozi yakanijia. "Siwezi," nikasema. "Siwezi. Nisameheni."

Saruni akabaki na mkono wake hewani. Wenzake wakaanza kusukumana kwa viwiko, kicheko kinakuja. Nikajua nimekwisha. Kesho niko kwenye lori.

Ndipo nikasikia sauti sijawahi kuisikia. Katoo alikuwa anacheka.

Alicheka kidogo kwanza, kama kikohozi. Halafu akajishika mbavu, kigoda kikamkimbia.

"Huyu mama," akasema, "amenipa mimi mkono lini?"

Akamgeukia mwenye nyumba wangu.

"Wamaitha! Mzee wako Joram amepewa mkono?"

"Hajapewa," Wamaitha akasema. "Mpaka leo anaona aibu."

"Chifu?"

"Hajapewa."

"Muuza mafuta? Mwalimu?"

"Hata mmoja."

"Na watoto?"

"Watoto ni vichwa tu! Muulize Ciku wangu!"

Katoo akasimama, akamshika mwanawe bega. "Umesikia? Kwa huyu mama mtoto anashikwa kichwa, mwanamume ananyimwa mkono. Wewe amekunyima nini?"

Saruni akauangalia mkono wake. Akaniangalia mimi, na mtandio wangu, na mkono uliojificha. Nikaona inaingia polepole, kama maji kwenye ardhi kavu.

"Amenyima mimi mkono," akasema.

"Kama alivyoninyima mimi."

"Amenyima mimi mkono!" Akawageukia wenzake, kifua kimejaa. "Mmeona? Mbele yenu! Koko amekataa kunishika!"

Wale vijana wakatazamana. Mmoja, yule aliyekuwa na mdomo kuliko wote mnadani, akaja mbio, akaninyooshea mkono wake.

"Na mimi, Koko!"

Nikauficha wangu zaidi.

"Amenikataa!" akapiga ukelele, anaruka. "Amenikataa kabisa!"

Basi wakapanga mstari. Mmoja mmoja, anakuja, ananyoosha mkono, nakataa, anaondoka kidevu juu. Mwisho Ugbad mgongoni alikuwa anacheka, na Wamaitha amevua viatu amekaa chini, machozi yanamtoka.

Mkewe Katoo akaleta maziwa. Saruni akayachukua, akaondoka nayo na wenzake, maana moran hanywi peke yake. Aliacha lile furushi la Oltepesi pale pale chini.

"Kesho," Katoo akaniambia, "jua likichomoza."

* * *

Alhamisi tulipanda lori la mchanga la rafiki yake Katoo linalorudi Kajiado tupu. Katoo mbele na dereva. Mimi, Ugbad na Saruni nyuma. Saruni alisema safari ya mama mgeni inataka mwanamume wa kumlinda. Nilimwambia asante, na mkono nikauficha tena, akafurahi.

Ofisini kulikuwa na foleni, na nyuma ya jengo lori kubwa la kambi, turubai juu, watu wameshaanza kupanda. Sikuliangalia. Nilijua nikiliangalia miguu itakataa.

Zamu yetu ikafika. Karani alikuwa Mkamba mmoja mpole, Ndambuki, miwani kwenye pua.

"Anayemsimamia?"

"Mimi," Katoo akaweka kipande mezani. "Huyu ni wa boma yangu."

"Anaishi wapi?"

"Kitengela, na hapo atakaa."

Muhuri ukapigwa. Paa! Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Karatasi moja, jina langu juu yake, Kafiya. Katoo akaichukua, akaikunja, akaishika kama yai.

"Jina la bwana, mama?" Ndambuki akauliza, anajaza daftari lake.

"Marehemu Mohamednur."

Kalamu ikasimama.

"Mohamednur." Akarudisha ukurasa nyuma. "Hili nimeliandika jana. Kuna binti mmoja. Alishuka hapa mjini juzi kutoka upande wa Mombasa. Anauliza kila duka, 'Hii ndiyo Kajiado? Hii ndiyo Kajiado?' Anasema mama yake yuko hapa Kajiado, kwa Wamaasai. Wamaasai walimuuliza mama yako nani, boma gani, hajui. Hakuna aliyemjua, na hakuna aliyemsimamia."

Nikashika meza.

"Anaitwa nani?"

Alisogeza miwani. "Hodo. Hodo Mohamednur."

Nilikuwa maili ishirini na kitu naangalia barabara, na mtoto wangu yuko hapa anabisha milango. Kajiado ndiyo inajulikana! Ah, Muhumed!

"Mwandike!" nikapiga kelele. "Huyu mzee anamsimamia na yeye!"

"Nasimamia," Katoo akasema pale pale.

"Mzee, orodha ya jana imeshatiwa sahihi. Imeshakabidhiwa." Ndambuki alisimama, akachungulia dirishani, rangi ikambadilika. "Na lori ndilo lile linawashwa."

Sikungoja. Nilimshusha Ugbad mgongoni nikamtupia Saruni, akamdaka. Nikakimbia. Mimi, mwanamke mzima, mtandio unapeperuka, kandambili moja imebaki mlangoni.

"Hodo! Hodo!"

Moshi unatoka. Lori linatikisika. Saruni akanipita, Ugbad begani kama mwanakondoo, akasimama mbele ya lori kabisa, katikati, rungu limeinuliwa.

"Simama! Kuna mama!"

Dereva akapiga honi. Saruni hakusogea.

Nikafika nyuma. Sakafu ya lori iko juu, inanifika kifuani. Kijana wa lori akainama kutoka ndani, mwanamume mgeni, mkono mweusi kwa grisi.

"Mama, unapanda? Lete mkono!"

Nikampa.

Sikufikiri. Nilimpa mkono wangu wote, akaushika, akanivuta juu.

Ndani giza la turubai, watu wamebanana, mizigo, watoto wanalia. Nikaita, "Hodo!" Wakanitazama, nyuso za watu wangu, zimechoka. Hakuna aliyeitika.

Mwisho kabisa, pembeni, kulikuwa na mwanamke amekaa juu ya debe. Kichwa kimeinama mpaka magotini, kimefunikwa mtandio wa manjano. Hodo aliondoka nyumbani na wa manjano. Lakini wa manjano wako wangapi?

Nikaruka miguu ya watu. Nyuma yangu nikasikia kelele nje, Katoo anabishana na askari, Saruni anaambiwa toka. Nikasikia Ugbad, "Ayeyo! Ayeyo!" Sauti inatoka kando sasa, haitoki mbele.

Wamemwondoa Saruni njiani.

Ubao wa nyuma ukafungwa. Komeo likalia. Lori likaruka mbele, nikaanguka kwa magoti mbele ya yule mwanamke. Karatasi yangu ya kukaa Kitengela ilikuwa chini, mkononi mwa Katoo, inazidi kuwa mbali.

Kichwa kilikuwa kimeinama mbele yangu.

Nikanyoosha mkono ule ule wenye grisi, nikauweka juu ya mtandio wa manjano. Kiganja chote.

Kichwa kikaanza kuinuka.